"Mradi Inawaka": Falsafa Itakayotuunguza Huku Tunapiga Makofi



Kuna maneno mawili ya Kiswahili ambayo nikipewa urais wa siku moja tu nitayapiga marufuku kabla hata sijanywa chai ya Ikulu. Maneno yenyewe ni haya: mradi inawaka.

Mnayajua. Fundi kamaliza kutambaza nyaya, mwenye nyumba kabonyeza swichi, taa imewaka, watoto wamepiga kelele, pesa imetoka mfukoni. Kazi imekwisha. Hakuna aliyepima chochote. Hakuna aliyeuliza ule waya wa kijani na njano umeishia wapi. Swichi imebonyezwa, taa imewaka, basi huo ndio ukaguzi, huo ndio mtihani, hicho ndicho cheti.

Mimi leo nasema, na atakayenuna anune: kuwaka si ushahidi wa usalama. Kitu kinaweza kuwaka vizuri, kikapendeza, watu wakapigia picha, na wakati huohuo kikawa kinaandaa msiba. Na kama kuna kifaa kimoja kinachothibitisha hilo kuliko vyote, ni bango la zamani la neon.

Najua mnajiuliza, huyu neon kaitoa wapi? Nimeitoa Kitandililo.

Kwa msiopajua, Kitandililo ni kata ndani ya Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoa wa Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Ni nchi ya baridi na ukungu, mahindi na viazi, miti ya mbao, na ulanzi kwa wanaoujua. Makambako yenyewe ni njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapita, ya Njombe na Songea inaanzia hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Kila kitu cha nchi hii kinapita Makambako, kikiwamo kile ambacho Dar wamekichoka.

Ndivyo lilivyofika bango ninalotaka kuwasimulia. Mzee mmoja mwenye baa (jina lake nalihifadhi) aliletewa kwa lori kutoka Dar: herufi za vioo vilivyopindwa kwa mkono, pembeni mchoro wa glasi ya kinywaji, nyekundu katikati na buluu kwenye ukingo. Kusema kweli ni zuri. Kazi ya mikono ya namna hiyo siku hizi huioni. Nyuma yake kuna kisanduku cha chuma kizito kama tofali, kimeshika kutu, na kibati cha maandishi ya Kiingereza: kinaingiza volti 120, mizunguko 60 kwa sekunde, kinatoa volti 15,000.

Kijana fundi alikuwa amekata plagi yake ya Kimarekani, ile ya pini mbili bapa, akafunga plagi yetu ya pini tatu. Waya wa ethi ameukunja na kuufunga tepu, "hauna kazi huu". Upande wa pili wa kisanduku, kule kwenye volti 15,000, waya wa zamani ulikuwa umepasukapasuka, basi akauunga na waya wa kawaida wa nyumba, akaupitisha kwenye msumari uliopigwa kwenye ubao, akazungushia tepu nyeusi. Ilibaki kuchomeka tu.

Mzee akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma, hili litapendeza?"

Nikamwambia, "Litapendeza, baba. Lakini nakuomba usiliwashe."

Kijana akacheka. "Broo, usimtishe mzee. Mradi inawaka."

Sasa hebu tuongee taratibu, maana najua wengi wenu mnaosoma hapa mna digrii lakini umeme mliuacha kidato cha pili.

Neon ni gesi. Iligunduliwa London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers. Mwaka 1910 Mfaransa Georges Claude akaonyesha taa zake Paris, na kuanzia hapo miji mikubwa ya dunia ikaanza kuandika majina ya maduka, hoteli na sinema kwa mwanga. Ndani ya bomba la kioo kuna gesi kidogo sana. Neon yenyewe hutoa nyekundu ya kuelekea machungwa. Buluu kwa kawaida ni gesi ya argoni iliyochanganywa na zebaki kidogo. Gesi iliyo ndani ya bomba refu haikubali kupitisha umeme kwa volti 230 za ukutani. Ili iwake ndani ya bomba refu inahitaji kusukumwa kwa nguvu kubwa, na ndiyo maana kuna transfoma nyuma: inachukua volti za ukutani na kuzipandisha hadi maelfu, mara nyingi kati ya 2,000 na 15,000.

Sikilizeni hapo. Laini nyingi za kusambaza umeme mnazoziona kwenye nguzo, zile ambazo mkiona kibao cha HATARI chenye fuvu mnamvuta mtoto pembeni, hubeba volti 11,000 au 33,000. Bango la mzee wangu lilikuwa linakwenda kuweka volti 15,000 juu ya kaunta ya baa, kwa msumari na tepu. Hakuna hata mmoja kati yenu atakayekubali kufunga waya wa nguzo ya volti 11,000 kwenye ubao wa sebuleni. Kwa nini hili tunakubali? Kwa sababu lina rangi nzuri?

Najua mtaalamu wa mtaani atanijibu. "Broo, volti ni nyingi lakini ampea ni kidogo, haiui." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na ndilo linalonitia hasira kuliko yote kwa sababu nusu yake ni kweli. Ni kweli transfoma ya neon haimwagi umeme kama laini ya mtaani. Nyingi hutoa kama miliampea 30, nyingine 60. Lakini je, mnajua kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho wauza vifaa hukiita RCD au ELCB, kimetegeshwa kukata kwenye miliampea ngapi pale kinapolinda watu? Thelathini! Kimewekwa hapo kwa sababu kuanzia kiwango hicho kwenda juu moyo wa binadamu uko hatarini. Sasa hicho "kidogo" chako ndicho kipimo ambacho nchi nyingi zimekubaliana kwamba mtu asikivuke.

Na hapa ndipo penye siri ya neon ambayo mafundi wengi hawakufundishwa. Tumezoea kwamba umeme ukikosewa, sakiti breka inaruka. Ikiruka tunajua kuna tatizo. Breka imekuwa askari wetu. Lakini transfoma ya neon ya chuma imetengenezwa kwa makusudi ijibane yenyewe: hata ukigusanisha nyaya zake mbili za kutokea, haivuti umeme mwingi kuliko kawaida yake. Kwa hiyo waya wa volti 15,000 ukianza kurusha cheche kwenye ubao, breka kule kwenye mein swichi inaona mambo ni shwari kabisa. Hairuki. Cheche zinaendelea usiku kucha, ubao unageuka mkaa kidogo kidogo, na mkaa unapitisha umeme vizuri kuliko ubao. Na bango? Bango linaweza kuendelea kuwaka!

Hata ile RCD niliyoisifu, ukiiweka upande wa volti 230, haimwoni mtu aliyeshika waya wa upande wa pili. Transfoma imetenganisha pande hizo mbili, na umeme unaompita mtu huyo unarudi kwenye transfoma yenyewe, haurudi kwenye nyaya ambazo RCD inazilinda. Iwekeni, inasaidia upande wake, lakini msilale usingizi kwa sababu yake.

Kwa hiyo falsafa ya "mradi inawaka" kwenye neon haina hata ile bahati nasibu inayotuokoa kwenye nyaya za nyumba. Askari tuliyemzoea hayupo zamu.

Tuje kwenye mambo matatu aliyoyafanya yule kijana, maana hakuwa mjinga, alikuwa anafanya kile kinachofanyika Tanzania nzima.

La kwanza, volti 120 kwenye ukuta wa volti 230. Hiyo ni karibu maradufu ya inachostahili. Chuma cha ndani kinalemewa, nyaya zinapata moto, upande wa kutokea unasukumwa kupita kiwango, na vile vizuizi vya ndani vilivyokwishazeeka vinapasuka. Isitoshe, kibati kinasema mizunguko 60 wakati umeme wetu ni mizunguko 50, jambo linalozidi kuilemea. Kibati kilikuwa wazi. Hakuna aliyekisoma. Ngapi kati ya mali za mtumba zinazoshuka kwenye makontena zinaungua majumbani mwenu kwa sababu hiyohiyo? Redio ikiungua mnapoteza redio. Hii inaweza kuondoka na nyumba.

La pili, ethi iliyofungwa tepu. Kisanduku cha transfoma ni chuma, na fremu ya bango mara nyingi ni chuma. Ethi ndiyo inayohakikisha kwamba kizuizi cha ndani kikipasuka, umeme unapata njia ya kwenda ardhini badala ya kumsubiri mtu atakayepanda ngazi kufuta vumbi. Transfoma nyingi za zamani katikati ya nyaya zake za upande wa juu zimeunganishwa na kisanduku chenyewe. Ukikata ethi, unakiacha kisanduku hicho kikining'inia hewani kikiwa na volti ambazo hata kuzikadiria huwezi. Waya huo si urembo, ndio uhai wenyewe. Na usidhani pini ya tatu kwenye plagi inatosha. Kama kule nje fimbo ya ethi haijachimbiwa au haifanyi kazi, pini hiyo ni pambo tu.

La tatu, waya wa nyumba kwenye volti 15,000. Waya tunaonunua madukani umetengenezwa kwa mamia ya volti, si maelfu. Ganda lake haliwezi kuuzuia umeme huo hata kidogo. Na tepu ya shilingi mia kadhaa haigeuzi jambo hilo. Ongezeni ukungu wa Njombe, vumbi la barabarani na moshi wa jikoni vinavyoganda juu ya kioo na ubao, mtaona umeme unavyotembea juu ya uchafu huo kama siafu.

Halafu kuna la nne ambalo halikutokea, lakini lilinifanya nishindwe kunyamaza. Yule kijana alikuwa na testa mfukoni, kama kila fundi wa nchi hii. Je, mnajua ndani ya testa kuna nini? Kale kataa kekundu kanakowaka ukigusa laivu ni taa ndogo ya neon! Ndiyo, kila fundi wa Tanzania ameshika neon mkononi kwa miaka mingi, na haijamdhuru, kwa sababu ile imewekewa kizuizi kinachopunguza umeme hadi usiuhisi, na imetengenezwa kwa volti mia chache tu. Siku atakayoinua testa hiyo akagusa waya wa volti 15,000 "kuangalia kama moto unafika", ile plastiki ya mkononi mwake haitamlinda. Kifaa kilichomlinda maisha yake yote ndicho kitakachomuua. Ana miaka ishirini na kidogo. Nani amemwambia? Nani amemlipa ili apate muda wa kuambiwa?

Kuna mkanganyiko mwingine mpya. Siku hizi Kariakoo wanauza zile taa za plastiki laini zinazopinda kama mpira, zimeandikwa "neon". Si neon. Ni LED, nyingi zinatumia volti 12, unaweza kuzishika zikiwa zinawaka. Kijana aliyezizoea hizo, ukimletea bango la vioo la zamani na kumwambia "hii pia neon", umemtuma porini kumfuata simba huku ukimwambia ni paka.

Sasa nasikia upande wa pili. "Wewe unaongea Kizungu. Leseni ni urasimu. Fundi wa mtaani anajua kazi kuliko hao wenye makaratasi." Hoja hii naiheshimu, siipuuzi. Ni kweli fundi mwenye leseni ya EWURA huwezi kumpata kila kijiji, na ni kweli wapo vijana wa VETA na wa gereji wenye mikono ya dhahabu. Lakini hoja hiyo ikichunguzwa inamtetea nani? Haimtetei fundi. Inamtetea mteja asiyetaka kulipa. Leseni zile zina madaraja kwa sababu kazi hazilingani: anayefunga soketi ya chumba kimoja si lazima awe na ujuzi wa volti 15,000. Tukisema "fundi ni fundi tu", tunampa kijana wa watu kazi iliyo juu ya daraja lake kwa bei iliyo chini ya kazi yake, halafu akifa tunasema alikuwa mzembe.

Na hili linanipeleka kwenye jambo kubwa zaidi ya bango. Nchi hii imefanya kazi kubwa kufikisha umeme. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulitokana na sheria ya mwaka 2005. Laini kubwa ya volti 220,000 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018, ikaiingiza Songea kwenye gridi ya Taifa. Gharama ya kuunganishwa vijijini ilishushwa hadi shilingi 27,000. Mabilioni yametumika kuleta umeme mpaka kwenye mita. Pale kwenye mita ya LUKU ndipo TANESCO anapoishia, na pale ndipo "mradi inawaka" inapoanzia. Mamia ya kilomita za laini zimejengwa na wahandisi kwa vipimo, halafu mita kumi za mwisho, zile tunazolala nazo, tunamwachia bahati. Cha ajabu, kwa umeme kutoka nguzoni tunaogopa hata kivuli chake. Ukishaingia ndani tunaufanya ndugu.

Basi kama una bango la zamani, au unataka kulinunua kwa sababu umeliona kwenye picha za baa ya New York na unataka mgahawa wako ufanane, nisikilize.

Kwanza kabisa, usilichomeke "kuona kama linafanya kazi". Soma kibati. Kama kinasema 120, hilo si la ukuta wetu. Na hata kama kinasema 230, transfoma yenye umri wa kukuzidi wewe haistahili kuaminiwa. Badilisha. Zipo za kisasa zenye kinga inayozima yenyewe pale umeme wa upande wa juu unapovuja au waya unapokatika, na hiyo ndiyo kinga ambayo breka yako haiwezi kukupa. Iendane na urefu na aina ya mabomba yako, kazi ya kukokotoa hiyo mwachie anayeijua.

Pili, nyaya za upande wa juu ziwe zile maalumu za neon zenye ganda la maelfu ya volti, ziwe fupi kadiri inavyowezekana, zikae mbali na chuma na ubao, na zisichanganywe kwenye bomba moja na nyaya za nyumba. Miisho ya vioo ifunikwe kwa vifuniko vyake, si tepu. Vioo vishikwe na vishikizo vyake, si misumari.

Tatu, bango liwe na laini yake peke yake na swichi yake inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, mahali panapoonekana, inayoweza kufungwa kwa kufuli wakati mtu anafanya kazi juu. Uingereza mabango ya neon ya nje yanatakiwa kuwa na swichi ya zimamoto, ili askari wa kuzima moto akate umeme kabla ya kumwaga maji. Jiulize: ukiwapigia 114 usiku, watakata wapi umeme wako?

Nne, kila chuma kiunganishwe na ethi iliyopimwa. Nasema iliyopimwa, kwa kipimo chenye namba, sio iliyoonekana. Bango likae juu pasipofikiwa na mkono wa mlevi wala wa mtoto, na kama liko nje liwe na vifaa vya kustahimili mvua.

Tano, kioo cha buluu kikivunjika, kumbukeni kuna zebaki. Toeni watu, fungueni madirisha, vaeni glavu, okoteni kwa kadibodi na kitambaa chenye unyevu, fungeni kwenye chombo kilichofunikwa. Msifagie kwa fagio la chelewa mkatimua mvuke na vumbi lake ndani ya baa.

Na kama pesa ya yote hayo haipo, basi heshima ipo kwenye kukubali. Litundike likiwa limezimwa, nyaya zimetolewa kabisa, watu walitazame kama kazi ya sanaa. Au zungushia LED za volti 12 nyuma yake. Litapendeza bado. Hakuna sheria inayosema kitu kizuri lazima kiwake.

Lakini ninyi ndio nawalenga zaidi, wasomaji wangu wa mjini. Mzee wa Kitandililo alipoambiwa alisikiliza, alichomoa plagi ile akaiweka mfukoni kwenye koti. Ninyi mnaojua kusoma kibati, mnaojua kutafuta kila kitu kwenye intaneti, ndio mnaomwambia fundi "fanya haraka, wageni wanakuja saa kumi na mbili". Mnalipa bei ya bango bila kubisha, mnalipa mpiga picha, mnalipa MC, halafu fundi umeme mnampa elfu kumi na soda. Mkimwona anatoa kipimo mnaona anapoteza muda. Rahisi ni ghali, wahenga walisema, lakini hapa anayelipa tofauti ya bei si ninyi. Ni kijana aliye juu ya ngazi.

Kuanzia leo, fundi akimaliza kazi kwako usimuulize "inawaka?" Muulize "umepima nini, na umepata ngapi?" Asipokuwa na jibu, usiwashe. Akiwa na jibu, mlipe kama mtu mwenye jibu.

Naomba kuwasilisha.